Pampu ya tangi langu la lita 590: uzoefu wangu baada ya miezi kumi na moja

Tangi langu lina urefu wa sentimita 180, upana 60 na kina 55, yaani lita 590 na ushei likijaa. Ninafuga furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wakiwemo madume wekundu wenye milia waliopewa jina la Mwalimu: Pundamilia nyererei. Wamezoea miamba na mawimbi. Wanakula sana na kuchafua sana, na maji yakisimama wanapanda juu kutafuta hewa. Kwa hiyo pampu haizimwi, usiku na mchana.

Hapo ndipo nilipoumia. Pampu ya kwanza niliinunua hapa mjini Mwanza kwa shilingi 70,000, boksi limeandikwa lita 4,500 kwa saa. Wati sikuuliza. Haukupita muda luku ikawa inaisha kabla ya siku zake. Jioni moja nikazima kila kitu, friji mpaka taa, nikaacha pampu peke yake na kukaa mbele ya mita nikiwa na simu. Mita yangu imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake ile taa ndogo nyekundu ikiwaka mara 1,000 umemaliza uniti moja. Ndani ya dakika 10 iliwaka mara 14. Zidisha kwa sita, unapata wati 84. Kwa mwezi ni uniti 60, na kwa bei ninayolipa mimi, takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, ni zaidi ya 21,000 kwa pampu tu.

Basi angalau ningepata maji yote yale ya kwenye boksi! Nilikinga ndoo ya lita 20 pale maji yanapoingilia tangini: ilijaa kwa sekunde 48. Hiyo ni lita 1,500 kwa saa, theluthi moja ya nilichoahidiwa. Fundi bomba niliyemwita kutoka Pasiansi aliangalia mara moja tu akasema, "Kaka, unaisingizia pampu. Bomba lako jembamba, na kona zote hizi za nini?" Akatoa bomba la milimita 20, akaweka la 32, kona nne zikabaki mbili. Pampu ileile, ndoo ileile, sekunde 36: lita 2,000. Ningeanza na bomba, nisingelaumu pampu kwa kosa lisilo lake.

Wati zilibaki palepale, kwa hiyo nikatafuta pampu ya DC, yaani ya umeme kama wa betri, ya volti 24, yenye kidhibiti cha kupunguza na kuongeza mwendo. Safari hii sikusoma namba kubwa ya mbele ya boksi, maana hiyo ni ya maji yasiyopandishwa popote. Nilitafuta ule mchoro unaoonyesha maji yanavyopungua kadiri kimo kinavyoongezeka, nikasoma kwenye mita 1.4, ambacho ndicho kimo kutoka tangi la chini lenye vichujio hadi ukingo wa juu. Nilihitaji mara tatu hadi nne ya ujazo wa tangi kila saa, basi. Ilitumwa kwa basi kutoka Dar, shilingi 185,000.

Kwenye mwendo wa 6 kati ya 10, ndoo inajaa kwa sekunde 32, sawa na lita 2,250 kwa saa. Taa ya mita inawaka mara 5 kwa dakika 10, yaani wati 30. Ninaokoa kama uniti 39 kwa mwezi, karibu shilingi 14,000, na tofauti ya bei ilijirudisha kwenye mwezi wa tisa. Jambo ambalo sikulitarajia ni joto: pampu ya zamani ilikuwa imezama, na umeme wake wote uliishia kuwa joto ndani ya maji. Sasa kipimajoto kimeshuka kwa digrii moja na nusu, na kwa joto la Oktoba hapa kwetu furu wanalihitaji hilo.

Kasoro zipo. Waya wa kidhibiti ni mfupi, na adapta inapata moto, kwa hiyo nimeitundika ukutani mbali na maji na kuichomeka kwenye kilinzi cha friji. Konokono wadogo waliwahi kuingia kwenye impela, kile kipanga kidogo kinachozunguka na kusukuma maji, ikaanza kuguguna. Tangu hapo nimevalisha mdomo wa pampu sponji, na kila baada ya miezi miwili naifungua na kuisugua kwa mswaki.

Umeme ukikatika, maji hurudi chini kupitia bomba lilelile. Mara ya kwanza sebule ililowa. Nilitoboa tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo ya usawa wa maji, livute hewa na kukata mfyonzo, kisha nikapunguza maji ya tangi la chini ili ibaki nafasi. Na kwa sababu pampu ni ya volti 24, betri mbili za sola za volti 12 zilizounganishwa mfululizo zinaiendesha bila inveta. Nikiishusha hadi mwendo wa 3, tunavuka usiku mzima gizani na furu hawapandi juu.