Mkonga umetua Mombasa, tiketi yangu iko Nairobi

Nimekasirika na sifichi. Intaneti ya faiba ya nyumbani kwangu, Kibokoni, Mji wa Kale Mombasa, ilikatika siku chache kabla ya Ramadhani. Rauta inawaka taa nyekundu tu. Nikapiga simu mpaka nikachoka, nikaenda ofisini kwa kampuni ya intaneti. Kijana wa kaunta hata macho hakuinua kwenye simu yake: "Mama, tiketi yako ya malalamiko iko Nairobi. Sisi hapa hatuna la kufanya."

Nairobi! Mikonga ya baharini, zile nyaya kubwa za intaneti, inatua hapa kwetu. TEAMS ilitoka Fujairah ikatua Mombasa 2009, SEACOM ikaja mwaka huohuo, EASSy ikafuata 2010. Intaneti ya bara, mpaka ya Uganda, inapita kwetu kwanza, halafu mimi wa Mji wa Kale naambiwa ningoje Nairobi.

Marehemu baba alikuwa fundi wa laini. Alianza enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilipovunjika 1977 akaendelea na Shirika la Posta na Simu la Kenya. Alijua nguzo ipi inahudumia nyumba ipi. Watu walimsimamisha njiani akitoka msikitini, "Mzee, simu yangu imekufa," na kesho yake yuko juu ya nguzo. Mwaka 1999 shirika likagawanywa: simu zikaenda Telkom Kenya, barua zikabaki Posta, usimamizi ukapewa tume ya mawasiliano. Mwaka 2007 asilimia 51 ya Telkom ikauzwa kwa France Telecom. Tukaambiwa kampuni zikiwa nyingi, mteja ataheshimiwa. Heshima yenyewe ndiyo hii?

Haki isemwe, zamani watu walingoja laini kwa miaka, na mwenye simu alipokea salamu za mtaa mzima. Hilo silitamani.

Na fundi wao alipokuja hatimaye, wallahi, alinifurahisha. Kijana mpole, akavua viatu mlangoni, akapanda nguzo, akaunga waya, hata nusu saa haikufika. Huyo nampa nyota tano, na kampuni nikawa nishaisamehe, nataka kuipa tatu.

Jioni ikaingia bili. Mwezi mzima! Na zile siku zote za taa nyekundu zimo. Nikarudi kaunta, nikamkuta yuleyule.

"Mama, mambo ya bili nayo ni Nairobi."

Nyota moja, na hiyo ni ya fundi. Jirani zangu msijiunge nao mpaka waweke Mombasa mtu mwenye uwezo wa kurekebisha bili.