PostgreSQL 16: uzoefu wangu na seva ya akiba, Kampala hadi Mbarara

Seva kuu iko Kampala, ya akiba iko Mbarara, zote Ubuntu 22.04. Urudufishaji wa PostgreSQL (hifadhidata ya seva kuu kunakiliwa mfululizo kwenye seva ya akiba) naupa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na sloti, nitaeleza.

Upande wa seva kuu kazi ni ndogo. Tangu toleo la 10, wal_level (kiwango cha WAL, kumbukumbu ya mabadiliko inayotumwa kwa akiba) huja ikiwa replica na max_wal_senders (michakato ya kuituma) ikiwa 10. Unarekebisha listen_addresses (anwani ambazo seva inasikiliza), unaizima seva na kuiwasha, unaunda mtumiaji mwenye haki ya REPLICATION. Wengi hukwama pg_hba.conf, faili inayosema nani anaruhusiwa kuingia: neno all kwenye safu ya hifadhidata haliingizi urudufishaji. Lazima ulitaje neno replication lenyewe:

host replication nakala 10.20.0.5/32 scram-sha-256

Mbarara, folda ya data ikiwa tupu, endesha hii kama mtumiaji postgres; inanakili data yote, inaunda sloti (-C -S) na kuandika mipangilio ya akiba (-R):

pg_basebackup -h 10.10.0.4 -U nakala -D /var/lib/postgresql/16/main -X stream -C -S mbarara -R -c fast -P

Bila -c fast itasubiri checkpoint ya kawaida (seva kuandika mabadiliko yake diskini), nawe utadhani imeganda. Maelekezo yanayotaja recovery.conf, faili ya zamani ya mipangilio ya akiba, yaache: kuanzia toleo la 12 seva ikiikuta faili hiyo inagoma kuwaka.

Sasa mtego wa Ubuntu. Mipangilio hukaa /etc/postgresql/16/main, nje ya folda ya data, kwa hiyo haisafiri na nakala. Kama Kampala max_connections ni 300 na Mbarara imebaki 100, seva ya akiba itakataa kuwaka, na logi itasema wazi ni kigezo gani kimepungua. Vivyo hivyo max_worker_processes na max_locks_per_transaction. Pandisha kwanza upande wa akiba, ndipo upandishe seva kuu.

Haya, sloti. Kazi yake ni kuizuia seva kuu isifute WAL ambazo akiba haijazipokea. Faiba ikikatwa na tingatinga la barabara huko Lyantonde, ndicho unachokitaka: laini ikirudi, akiba inaendelea ilipoachia. Lakini kwa kawaida sloti haina kikomo. Kila kipande cha WAL ni MB 16. Mfumo unaojaza kipande kimoja kwa dakika unalimbikiza zaidi ya GB 22 kwa siku, na diski ya pg_wal (folda ya WAL) ikijaa, inayoanguka ni seva kuu, ile ile uliyotaka kuilinda! Kwangu hiyo ni dosari ya muundo. Weka max_slot_wal_keep_size, mfano 40GB, kisha reload (kusoma mipangilio upya bila kuzima seva) inatosha. Ikivukwa, wal_status kwenye pg_replication_slots husoma lost, na akiba itabidi ijengwe upya. Bora hivyo.

Jambo jingine, pg_basebackup haijui kuendelea ilipokatikia. Ikikatika unaanza sifuri, na ile -C italalamika kwamba sloti ipo tayari. Iondoe -C kwenye amri ya pili, usiiache sloti ikining'inia bila mwenyewe. Kwa hifadhidata ya mamia ya GB na laini ya kusuasua, mimi napendelea kuchukua nakala Kampala kwenye diski ya nje kwa -Ft -z (faili za tar zilizobanwa) na kuipandisha basi. Ikifika, fungua pg_wal.tar.gz ndani ya pg_wal, na usahihishe primary_conninfo (maelezo ya kuifikia seva kuu), maana -R itakuwa imeandika anwani uliyotumia kule Kampala.

Kupima ucheleweshaji, usitegemee pg_last_xact_replay_timestamp (muda wa muamala wa mwisho uliorudiwa kwenye akiba) peke yake. Usiku kusipokuwa na miamala, pengo kati ya muda huo na sasa linazidi kukua na kengele zinalia bure. Kwenye seva kuu uliza:

SELECT state, pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), replay_lsn) FROM pg_stat_replication;

Unataka state iwe streaming na baiti zikaribie sifuri. Jibu likija bila mstari hata mmoja, akiba haijaunganishwa: nenda kasome logi ya Mbarara kabla ya kugusa chochote Kampala.