Manly na Pittwater: namna mbili za kuasi chama

Kaskazini mwa Sydney, katika jimbo la New South Wales nchini Australia, maeneo bunge ya Manly na Pittwater yanafanana kama ndugu wa tumbo moja: yote ni vitongoji vya pwani vya watu wenye uwezo, na yote Chama cha Liberal kimezoea kuyahesabu kuwa yake. Tofauti iko katika namna yanavyokiasi chama hicho.

Manly, ambayo feri huiunganisha na Circular Quay, kituo cha feri katikati ya jiji la Sydney, kwa takriban nusu saa, ikiasi hukawia kurudi. Chama cha Labor kilikitwaa kiti hicho mwaka 1978 na kukishika hadi 1984. Kisha wabunge huru Peter Macdonald na David Barr walifuatana kuanzia 1991 hadi 2007. Macdonald hakuwa pambo bungeni, kwani serikali ya Nick Greiner, kiongozi wa serikali ya jimbo kutoka Liberal, ilikosa wingi wa viti, na msimamo wake pamoja na wabunge huru wenzake, Clover Moore na John Hatton, ulichangia kumlazimisha Greiner ajiuzulu mwaka 1992.

Pittwater, yenye Kisiwa cha Scotland kinachofikika kwa mashua tu, huasi ghafla, hasa katika chaguzi ndogo. Alex McTaggart, mgombea huru, alishinda mwaka 2005, lakini Rob Stokes akakirejesha kiti kwa Liberal mwaka 2007. Jacqui Scruby, mgombea huru mwingine aliyeshindwa kwa kura chache mwaka 2023, naye alishinda uchaguzi mdogo wa 2024. Kwa maoni yangu, uasi wa Manly ndio uliotikisa zaidi siasa za jimbo.