Keki yenye umbo la Fort Jesus: krimu ya siagi au fondanti?

Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593, ina kuta za mawe ya matumbawe: zinaparuza, zina vishimo, na rangi imechujuka kwa jua na chumvi. Ndiyo maana kwa kuifunika keki hii mimi huchagua krimu ya siagi, yaani siagi iliyopigwa na sukari. Unaipaka, unaigongagonga kwa sponji kavu na safi, na matumbawe yanajitokeza yenyewe. Ukikosea, unapaka tena. Adui yake ni joto. Badilisha nusu ya siagi kwa mafuta mgando, la sivyo ngome itaporomoka kabla bwana harusi hajafika.

Fondanti, donge la sukari linalosukumwa kama chapati na kufunikwa juu ya keki, husimama vizuri na hutoa pembe kali, lakini kwa ukuta huu ni nyororo mno, kama nyumba iliyopigwa plasta jana. Halafu ikitoka kwenye friji hutoa jasho, hasa huku pwani. Ningeiweka kwa keki ya Beit al-Ajaib, jumba la zamani la sultani huko Zanzibar, lenye nguzo nyembamba na roshani. Nguzo zifinyangwe siku mbili kabla, zikauke.

Ndani, kwa zote mbili, oka keki nzito na uilaze kwenye friji usiku kucha. Keki laini humomonyoka unapoichonga kwa kisu.