Kijitabu cha Misamiati Migumu: Nunua Hadithi, Orodha ya Nyuma Achana Nayo

Kijitabu chenyewe hakina jina la mwandishi. Kina jalada la kijani lenye picha ya mbuyu, kurasa 32 za fotokopi zilizobanwa kwa pini mbili, na juu kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni hadithi fupi yenye misamiati migumu kwa darasa la tano hadi la saba. Kinauzwa shilingi 3,000 kwenye stationari za karibu na soko la Majengo, hapa Dodoma. Nilimnunulia binti yangu wa darasa la tano. Mimi ni fundi cherehani Nkuhungu, na yeye akitoka shule hukaa na mimi kibandani, basi kimesomewa hapo hapo kwa sauti, cherehani ikilia na wateja wakisubiri sketi zao zipindwe. Kwa hiyo haya si maoni yangu peke yangu.

Hadithi ni ya kijana wa Bahi, mwaka wa ukame. Mtama umekauka shambani, bibi yake anauza mbuzi wa mwisho na kumtuma Kibaigwa akanunue gunia la mahindi. Hakuna jini, hakuna mtoto anayeokota dhahabu. Mtu wa huku anaijua safari hiyo: Bahi hadi mjini, mjini hadi Kibaigwa kwa barabara ya Morogoro, na kurudi juu ya mizigo kwenye lori la mtu. Binti yangu, ambaye vitabu vya shule huvisoma kama anayelipa faini, safari hii alikuwa anataka tu kujua gunia litafika au halifiki.

Neno gumu la kwanza ni masurufu, na mwandishi halielezi. Bibi anahesabu masurufu ya mjukuu, anayafunga kwenye pindo la kanga, anamwonya kwamba yakiisha njiani asikope kwa mtu. Mbele kidogo utingo anadai nauli, kijana anapapasa masurufu yake kiunoni. Halafu usiku, stendi, anaamka na kukuta pindo limefunguliwa. Hapo binti yangu aliacha kusoma akasema, "Mama, wamemwibia!" Sikuwa na haja tena ya kumuuliza neno lina maana gani. Mteja mmoja, mama wa Tanga, alicheka akasema kwao neno hilo ni la kila siku, ni sisi watu wa bara tunaolikuta vitabuni. Sasa asubuhi mtoto hanidai tena hela ya kula, ananidai masurufu. Ni shilingi mia tano ile ile ya maandazi, imepandishwa cheo tu.

Mwandishi nampa maksi zote hapo. Neno analirudisha, na kila likirudi linakuja na jambo jingine. Tashwishi, yaani shaka, vilevile: kijana ana tashwishi kama lori litasimama, bibi ana tashwishi na yule mjomba mwenye ajizi aliyeachiwa kulinda nyumba, na msomaji naye ana tashwishi na dereva mwenye maneno matamu. Mpaka hapo mtoto ameshalishika bila kukaririshwa. Jambo jingine, kurasa za mwanzo hazina msongamano. Neno gumu ni moja, labda mawili kwa ukurasa, na lililobaki ni Kiswahili tunachokisema, kwa hiyo anayesoma ana pa kushikia akibahatisha maana. Niliwahi kumpa asome magazeti ya zamani ninayokatia vipimo vya kola. Kila mstari ulikuwa na neno asilolijua, na hakumaliza hata safu moja.

Sehemu tuliyoipenda zaidi ni ya chamchela. Aliyewahi kuishi Dodoma mwezi wa nane au wa tisa ameiona: vumbi linanyanyuka uwanjani, linazunguka, linabeba mifuko, makaratasi na vipande vyangu vya vitenge. Sisi hapa tunasema kimbunga, basi. Kwenye hadithi chamchela inapita katikati ya soko Kibaigwa, inang'oa turubai, wapimaji wanakimbia, na kijana anabaki amelikumbatia gunia lake macho yamejaa mchanga. Tangu siku hiyo, vumbi likianza kucheza kule barabarani, binti yangu anapaza sauti, "Mama, chamchela, funika vitambaa!"

Sasa fungua orodha ya maneno kurasa za mwisho. Chamchela, wameandika, ni mvua kubwa yenye radi. Mvua, kwenye hadithi ya ukame! Jirani yetu ni mwalimu mstaafu, anayo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), nikamwomba atazame. Ni upepo wa kuzunguka, kama tulivyoelewa wenyewe. Naona aliyeandika hadithi siye aliyeandika orodha, na huyu wa pili sidhani kama aliisoma hadithi. Mtoto anayeanza na orodha kabla ya hadithi, na wengi ndivyo wanavyofundishwa, atakwenda kwenye mtihani na mvua yake kichwani.

Mwishoni hata mwandishi mwenyewe anachoka. Ukurasa wa 26, bibi anapougua, kijana "alijawa na jitimai, simanzi, majonzi na ghamu". Yote manne kwa mkupuo! Binti yangu alinitazama, akaandika "huzuni, huzuni, huzuni, huzuni" kwenye daftari lake, na sikuwa na la kumjibu. Jitimai ingeachwa peke yake kitandani kwa bibi, na simanzi ikasubiri kijana afike na gunia, mtoto angezitenganisha. Lakini ghaidhi, yaani hasira, imetumika vizuri, pale kijana anapomkuta mjomba amelala na mlango wazi. Imetumika vizuri kupita kiasi, kwa sababu mteja mmoja alikuja kufuata gauni ambalo sijalimaliza, na mtoto akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika kwamba yule mama ana ghaidhi.

Maswali ya kujipima ni ya kujaza nafasi, tuliyaruka.

Kwa 3,000 ningekinunua tena, na msomeeni mtoto kwa sauti au yeye awasomee, kwa sababu ubishi wa wateja ulimsaidia kuliko kitu chochote kilichochapwa nyuma. Ila kabla ya kulipa pekua kurasa zote uone kama wino umeshika. Nakala yetu ya kwanza ukurasa wa 19 ulikuwa mweupe. Muuzaji alinibadilishia bila maneno, nauli ya kurudi Majengo ikawa juu yangu.