Plagini za Ndani au za Kununua? Tazama Leseni Kabla ya Sauti

Wasomaji wanaorekodi nyumbani wananiandikia lalamiko lilelile: wimbo walioumaliza mwaka juzi umegoma kufunguka kama ulivyokuwa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukaondoka na kompyuta. Wamejikusanya, wamenunua nyingine ya mtumba, wamefungua faili la wimbo, na programu ya kurekodia inawaletea orodha ya plagini zisizopatikana, yaani viprogramu vidogo vinavyofanya kazi ndani yake kurekebisha au kupamba sauti. Sauti ya mwimbaji ipo lakini kavu, mwangwi hakuna, na kompresa iliyokuwa inaishikilia, ile inayopunguza makali ya sauti inapopanda, haipo. Mteja naye anataka biti tupu ya harusi ya Jumamosi. Na hawa ni watu walionunua plagini zao kihalali, kwa dola.

Kwa hiyo sitapoteza muda hapa kubishana ipi ina sauti ya joto na ipi ina sura nzuri. Video za kulinganisha hayo zimejaa YouTube, na nyingi zinatengenezwa na watu wanaolipwa kamisheni ukinunua. Kitu ambacho karibu hakuna anayekitaja ni namna plagini inavyokutambua kuwa wewe ndiye mwenye nayo. Itafunguka siku ukibadilisha kompyuta? Itafunguka bando likiisha? Itafunguka kampuni ikiuzwa? Nimepanga nafasi kwa kigezo hicho, na anayetaka kigezo kingine atakipata kwingine.

Nafasi ya kwanza ni zilizokuja na programu yako

Plagini za ndani zinafunguka popote programu yenyewe inapofunguka. Hakuna akaunti ya pili wala ufunguo wa pili. Kwa mtu anayerekodi chumbani hiyo ni faida kubwa kuliko tofauti yoyote ya sauti.

Na kati ya programu zote napendelea Reaper, sifichi. Inatengenezwa na Cockos, kampuni ya Justin Frankel, yule aliyetuletea Winamp, programu ya kusikilizia muziki. Leseni yake ya punguzo ni dola 60, na inamhusu mtu binafsi au biashara ndogo ambayo mapato yake kwa mwaka hayafiki dola 20,000. Unapewa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, haijafungwa chochote. Faili lake la kupakua ni dogo sana, halili bando. Leseni ni faili unalolihifadhi kwenye flashi. Kompyuta ikifa unaiweka Reaper kwenye nyingine, unaionyesha lile faili, unaendelea na kazi. Unaweza hata kuisakinisha yote ndani ya flashi ukatembea nayo mpaka studio ya rafiki.

Plagini zake zina sura mbaya na ndiyo sababu watu wanazikimbia. Wanakosea. Chukua sauti iliyorekodiwa chumbani, bodaboda zinapita nje. Fungua ReaEQ, ikwalaiza yake ya kupunguza au kuongeza besi na sauti nyembamba, geuza bendi ya kwanza iwe ya kukata chini, iweke kwenye Hz 90: ngurumo ya barabara na vishindo vya stendi ya maiki vinaondoka. Weka ReaComp, kompresa yake, uwiano 3 kwa 1, shusha kizingiti mpaka maneno makali yapungue kama desibeli 4 au 5. Halafu rudi kwenye ikwalaiza, punguza desibeli 2 au 3 kwenye Hz 300, pale ambapo chumba kidogo hufanya sauti itoke kama ndani ya ndoo. Kama feni ilikuwa inazunguka wakati wa kurekodi, ReaFIR inaweza kusikiliza kipande cha ukimya chenye feni peke yake, ikajifunza mvumo ule na kuutoa kwenye wimbo mzima. Kuna watu wanalipia plagini ya kuondoa kelele huku hii wanayo bure.

Udhaifu upo. Mwangwi wa ReaVerbate ni wa kawaida mno, mkia wake una mlio wa chuma, na kwa kaswida au kwaya utausikia. ReaTune ya kunyoosha sauti iliyotoka nje ya noti nayo haitoshi kwa kazi ya Bongo Fleva, ambako sauti iliyonyooshwa ni sehemu ya mtindo. Hapo ndipo mazungumzo ya kununua yanapoanza, si kabla.

Mwenye Mac na dola 199.99 aangalie Logic Pro: ChromaVerb ni mwangwi mzuri kabisa, na Flex Pitch ya kunyoosha sauti imo ndani. FL Studio, ambayo ndiyo imejaa kwenye studio zetu za mitaani, inakupa matoleo mapya maisha yote ukishanunua mara moja. Ila usinunue toleo la Fruity ukidhani umepata bei nzuri, halirekodi sauti. Kwa mwimbaji, FL inaanzia toleo la Producer.

Nafasi ya pili ni za nje zinazokupa ufunguo mkononi

Valhalla DSP wanauza mwangwi wao VintageVerb kwa dola 50. Bei ni hiyo leo, ni hiyo mwezi wa kumi na mbili; hawana ofa za msimu. Unapewa faili la leseni, huna haja ya kufunga kitu chochote kwenye USB. FabFilter wa Amsterdam ni ghali, lakini leseni yao ni maandishi tu: unayanakili, unayabandika, plagini inafunguka hata kama kompyuta haijawahi kuuona mtandao. Mkinunua kitu kimoja tu cha nje, kiwe VintageVerb. Reaper na VintageVerb ni dola 110 kwa pamoja, na hapo mtu ana studio ya kutoa nyimbo za kuuza.

Nafasi ya tatu ni zinazoomba ruhusa

Hapa ndipo malalamiko yote yanapotoka. Chukua iLok, mfumo wa kulinda leseni unaotumiwa na kampuni nyingi za plagini. Leseni inaweza kukaa kwenye kifaa cha USB, ndani ya kompyuta, au mtandaoni. Ukichagua mtandaoni, lazima intaneti iwe hewani muda wote unaofanya kazi; bando likikata katikati ya kurekodi, umekwama. Ukiiweka ndani ya kompyuta na kompyuta ikaungua, mara nyingi huwezi kuihamisha mwenyewe. Unaanza kuandika barua pepe za kuomba. Kifaa cha USB ndicho salama zaidi, lakini kinagharimu, na kikipotea ni shida nyingine.

Hata kampuni kubwa hubadilisha masharti. Machi 2023 Waves, watengenezaji wa plagini, walitangaza kuacha kuuza leseni za kudumu, kila mtu alipie kila mwezi au mwaka. Wateja walichachamaa, na ndani ya siku chache wakazirudisha. Camel Audio, waliotengeneza Alchemy, plagini ya kinanda cha kuunda sauti, waliingia mikononi mwa Apple mwaka 2015. Alchemy ikahamia ndani ya Logic, na mwenye Windows hakuwa na pa kununua tena. Plagini ya ndani ya mwenzako ilikuwa ya nje ya kwako jana.

Za kukodi kila mwezi siziweki kwenye nafasi yoyote. Mwezi usipolipa, nyimbo zako za zamani zinabaki mifupa.

Kuhusu bei za kampuni hizi, inauma. Plagini ina bei ya dola 249 iliyopigwa mstari, pembeni dola 29.99, na saa nyekundu inahesabu kurudi nyuma. Saa ikiisha, inaanza nyingine. Hakuna anayelipa 249. Ile namba imewekwa kumtia hofu kijana ambaye dola 30 kwake ni chakula cha wiki. Ukifika kwenye malipo kuna kodi juu, benki inakata makato ya kubadilisha fedha, na kadi ikikataliwa ofa imepita. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa imetusaidia kidogo, lakini haijagusa udanganyifu wenyewe.

Na wale wanaouza flashi zenye plagini zilizovunjwa kwa elfu kumi: wanauza virusi, na wanauza nyimbo zitakazogoma kufunguka mapema kuliko zote nilizotaja.

Za bure: TDR Nova kwa ikwalaiza, Valhalla Supermassive kwa mwangwi mrefu. Zipakue, zinatosha.

Kama tayari umeshanunua zinazoomba ruhusa, usizitupe. Kila wimbo unapokamilika, hifadhi kila sauti kama faili lake peke yake mara mbili: kavu, na ikiwa na plagini zake. Hakikisha zote zinaanzia sekunde ya sifuri ili zipangike zenyewe kwenye programu yoyote. Faili ziwe WAV, si MP3. Hifadhi na visakinishi vya matoleo uliyotumia, maana tovuti nyingi zinakupa toleo jipya tu, na toleo jipya linaweza kukataa mfumo wa kompyuta yako ya mtumba. Weka vyote kwenye diski ya nje, na diski hiyo isikae imechomekwa kwenye kompyuta umeme unapokatika.