Fundi wa Kadutu asiyepunguza bei

Ukipandisha kidogo kutoka soko la Kadutu, hapa Bukavu, utaona kibanda cha kushona chenye kibao cheusi mlangoni. Bei zote zimeandikwa kwa chaki. Libaya (blauzi ya kitenge) na sketi, dola 12. Mimi ninauza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, sokoni humo, na kwangu bei ya kwanza ni salamu tu, mazungumzo yanafuata. Kwa hiyo nilianza kama kawaida: "Papa, nifanyie kumi, si tuko majirani?"

Hakuinua hata kichwa. "Mama, ni kumi na mbili. Mke wa gavana akija, ni kumi na mbili vilevile."

Kumbe ni mtu wa Kanisa la Marafiki, hao wanaoitwa pia Wakwekeri, walioanza Uingereza miaka ya 1650 pamoja na George Fox. Kwao, kutaja bei ambayo hukusudii kulipwa ni uongo. Fundi anasema mwanzoni wateja waliwakimbia Marafiki hao wa kwanza, kisha wakarudi walipoona kwamba hata mtoto akitumwa dukani hapunjwi. Hilo nikalijaribu: nilimtuma binti yangu na suruali ya baba yake ipunguzwe urefu. Alilipa kilichoandikwa na akarudi na chenji yote.

Akiwa anakanyaga cherehani, fundi hupenda kusimulia habari za mshonaji mwenzake, John Woolman, aliyezaliwa 1720 huko New Jersey. Babu yake Woolman alikuwa kati ya Marafiki waliohamia upande wa Burlington, mji ulioanzishwa 1677 na watu waliochoka na jela na faini za Uingereza. Kijana aliajiriwa Mount Holly kuuza dukani na kuandika hesabu. Siku moja tajiri wake akamwamuru aandike hati ya kumuuza mwanamke mweusi, mtumwa. Akaandika, lakini akawaambia muuzaji na mnunuzi palepale kwamba kumiliki watumwa hakupatani na dini ya Kristo. Mwingine alipokuja baadaye na ombi kama hilo, akakataa.

Baadaye akajifunza kushona, akauza vifungo na nyuzi, kisha vitambaa, na biashara ikanoga. Mwaka 1756 akaanza kuipunguza kwa makusudi kwa sababu ilikuwa inamlemea, akabaki na sindano yake na miti yake ya tufaha. Mimi sambaza zikinoga niziache? Thubutu! Ila sehemu moja ya habari hiyo niliielewa vizuri: maskini akija kununua kitu ghali kwa Woolman, alimshauri achukue cha bei nafuu kitakachomfaa.

Maana nami nilipeleka yadi sita za kikwembe, yaani kitenge, fundi akanipima, akasema nne zinatosha, mbili nimshonee mtoto. Kwa mafundi wengine niliowazoea, yadi zinazobaki hazirudi nyumbani na mwenyewe. Huyu alinirudishia hata vipande vidogo, amevikunja ndani ya mfuko.

Kazi yenyewe ni safi. Ua la kikwembe linaanzia mbele, linapita kwenye mshono wa ubavuni na kumalizikia mgongoni bila kukatika. Matundu ya vifungo ameyashona kwa mkono, nyuzi zimebanana. Nimefua libaya mara nyingi na hakuna uliochomoka.

Sasa malalamiko. Anapokea kazi chache, kwa hiyo utangoja. Libaya langu lilitoka harusi ya shemeji ikiwa imenifikia shingoni. Pa kujaribia nguo ni nyuma ya pazia jepesi, na watoto wa jirani wanapitapita. Zipu anazoweka ni dhaifu, yangu ilikwama wiki ya kwanza. Alibadilisha bure, lakini nunua yako sokoni uende nayo. Deni hataki kulisikia, hata la siku moja. M-Pesa anapokea.

Na usimwache akushauri rangi. Woolman alipovuka miaka arobaini alivaa nguo zisizotiwa rangi, mpaka kofia, akisema rangi inaficha uchafu, na fundi naye anakubaliana naye kabisa. Hapo tuliachana. Kikwembe kisicho na rangi nitakivaa wapi, Bukavu hii? Nilimwonyesha kile chekundu chenye ndege, akaguna, akachukua mkasi.

Sare za shule nitampelekea mapema, kabla ya msongamano wa Septemba.